Tuliulizwa, Tukasema Hatuna Shida

Ndugu zangu wa mtaa huu, nisikilizeni, na anayeona namsema yeye asinune, maana na mimi nimo. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na nyumba ya seremala, na haya niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua bado la upole. Mke wa seremala, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa barazani anashona sare za shule. Kando yake mama mkwe alikaa kwenye mkeka, miwani imeshuka puani, anapachika vifungo. Kifungo alichokishona bibi yule hakikung'oka mpaka kitoke na kitambaa chake. Walikuwa wanapiga soga na kuchekana. Ungewapita ungesema hawa hawadai kitu duniani.

Lakini hatua kumi kutoka baraza ile palikuwa na chemba ya maji taka isiyo na mfuniko. Mfuniko uliibwa, na kwa miezi saba shimo lilikaa wazi, tumelichomekea tawi la mti ili watu walione. Harufu tulishaizoea. Tulimwendea mwenyekiti wa mtaa, tukamwendea tena. Kila mara jibu lilikuwa analifanyia kazi, hata tukambandika jina la Nalifanyiakazi. Nyuma ya mgongo wake, bila shaka. Mbele yake alikuwa mheshimiwa.

Asubuhi hiyo akatokea huyo mheshimiwa, ameongozana na dada mmoja wa ofisi ya manispaa, ana fomu na kalamu. Dada alieleza vizuri kabisa. Wanakusanya maoni ya wakazi kuhusu maji, usafi, usalama na uongozi. Alama moja ni mbaya sana, tano ni nzuri sana, na mitaa yenye hali mbaya ndiyo itakayoanza kutengenezewa. Sasa niambieni, mtu anataka aelezwe nini zaidi?

Alimwomba mwenyekiti asogee kando ili watu wajibu kwa uhuru. Mwenyekiti akacheka, akasema hawa ni watu wake, hawafichani kitu. Akavuta kiti akakaa.

Fundi cherehani alimtazama, kisha akazitazama zile sare. Kazi ile aliipata kwa barua yenye muhuri wa mwenyekiti. Akasema maji tano, usalama tano. Ilipofika zamu ya usafi, bibi akainua kichwa, akaanza kulitaja lile shimo. Seremala akatoka ndani mbio, vumbi la mbao limemjaa mikononi, akamkatiza.

"Mama, acha. Tusiutie mtaa aibu mbele ya wageni."

Bibi akarudi kwenye vifungo vyake. Usafi tano, uongozi tano, seremala akatia sahihi. Kisha dada akavuka barabara akaja kwangu. Na mimi, mtu mzima ninayeziba pua kutwa, nikasema tano. Mpaka leo sijui nilikuwa naogopa nini. Viraka na gundi havihitaji muhuri wa mtu. Mtaa mzima ulijibu hivyo hivyo, halafu jioni tukakaa vijiweni tukamsengenya mwenyekiti mpaka midomo ikakauka. Kwa kweli tunachosha.

Baada ya miezi miwili matokeo yalisomwa mkutanoni. Mtaa wetu uliongoza kwa wakazi kuridhika. Mwenyekiti akapewa cheti. Mifuniko na mitaro mipya ikaenda mtaa wa pili, ambao watu wake walisema wazi kwamba wanaishi kwenye uvundo. Sisi tukapiga makofi.

Mvua zikaanza. Siku ya tatu barabara yote ikawa maji, lile tawi likasombwa. Bibi alikuwa anakwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha. Nilimwona amekusanya gauni kwa mkono mmoja, anapapasa njia kwa mguu. Nilifungua mdomo nimwite. Sauti haijatoka, hayupo. Ulibaki mwavuli tu unazunguka juu ya maji.

Nilikimbia nikalala kifudifudi, nikaupata mkono wake. Mkwewe akaja mbio, utepe wa kupimia ungali shingoni, tukamvuta pamoja. Alikuwa hai, lakini ameyanywa maji yale, na mguu mmoja hauwezi kukanyaga. Hospitali walisema nyonga imevunjika.

Kesho yake seremala alikwenda manispaa na hasira zake, nami nikamsindikiza. Akapiga meza, akauliza ni viongozi gani hawa wasiojali watu. Aliyekuwepo ni yule yule dada wa fomu. Hakubishana. Alifungua kabati, akatoa faili la mtaa wetu, akamwekea karatasi mbele.

"Pole sana kwa mama, kaka," alisema. "Lakini hapa kwenye usafi mmesema tano. Sahihi hii si yako?"

Seremala aliiangalia karatasi ile. Mimi niliangalia sakafu, maana na sahihi yangu ilikuwa humo humo.

Tulitoka hapo tukaenda wodini. Alimweleza mama yake kila kitu, akamwomba radhi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi niliogopa kukuaibisha wewe. Wewe ukaogopa kumwaibisha mwenyekiti. Je, yeye alimwogopa nani kati yetu?"

Kwenye mkutano uliofuata seremala alisimama, mwenyekiti yupo mbele yake, akasema alama alizotoa zilikuwa za uongo na anazifuta. Mkewe akasimama. Nikasimama. Tukaandika barua, kila mtu na jina lake. Mfuniko ulifungwa wiki ya tatu. Sare za muhula uliofuata alipewa fundi mwingine, na bibi mpaka leo hafiki mlangoni bila kushikwa.

FUNZO

Jamani, manung'uniko ya kijiweni hayajengi mtaro. Kiongozi mzembe ana makosa yake, na tumeshamwambia. Lakini uzembe wake tuliupa alama tano kwa mikono yetu, kisha tukashangaa haubadiliki. Ukiulizwa unaishije, sema unavyoishi, kiongozi awepo asiwepo. Na mzee wako akifungua mdomo kusema kweli, usimnyamazishe. Barua ile ingeweza kuandikwa miezi saba mapema, bibi akiwa bado anatembea.