Wimbo wa Dirisha la Jikoni

Walikutana kwa kishindo. Mkwaruzo alikuwa anavuka barabara ya soko la vifaa vya ujenzi, saa ya watu kubanana, mkononi waya mpya wa gitaa, kichwani wimbo, macho kayasahau nyumbani. Akaingia moja kwa moja kwenye kioo kikubwa alichokibeba mwanamke mmoja. Kioo kikapasuka, watu wakapiga mayowe, na damu ikachuruzika kutoka kiganjani mwa Mkwaruzo hadi kwenye kiwiko.

"Wewe! Hayo macho ni ya mapambo?" mwanamke akafoka.

"Sikukiona."

"Ni kioo! Kazi yake kutoonekana. Kazi yako wewe ni kutazama!"

Alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka, isiyo na mikono, buti za kiume na kilemba chekundu. Huku akiendelea kutukana, alikivua kilemba na kuufunga ule mkono kwa nguvu mpaka mwenye mkono akagugumia. Ndipo Mkwaruzo alipoliona kovu la mwanamke, refu, kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono. Hakuuliza. Aliomba namba ya simu, eti apate kurudisha kilemba.

"Kilemba chenyewe kishaharibika," mwanamke akasema. Lakini namba akatoa.

Jioni ile ile simu ya mwanamke ikalia.

"Mkono haujambo, msumbufu?"

"Haujambo. Unakuulizia wewe."

"Uambie nina kazi."

"Unasema utasubiri mlangoni."

"Basi uje na macho safari hii."

Mwanamke huyo aliitwa Fundi, kwa sababu alikata vioo katika karakana ya mjomba wake. Mkwaruzo alipewa jina lake kwa sababu ya sauti iliyokwaruza masikio ya watu katika bendi ya roki, na vijana wakampenda kwa hilo hilo. Walipendana haraka, bila adabu, kwa kutaniana na kugombana. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, Fundi akamweleza habari ya kovu. Mume wake wa zamani, dereva wa lori, alimsukuma akatokea upande wa pili wa dirisha la jikoni.

"Ndiyo maana nikajifunza kazi hii," alisema. "Nilitaka kukijua kitu kilichonikata. Halafu siku ile..."

Hakumaliza. Mkwaruzo alikuwa ameshaanza kulia, na ikabidi yeye ndiye abembelezwe.

Sasa, bendi ile ilikuwa na sheria yake. Kabla ya noti moja kupigwa, mtunzi hukaa juu ya spika akasimulia kisa kwa maneno makavu mbele ya wenzake. Mmoja wao akicheka, wimbo huo umekufa, hauingii kwenye albamu hata uwe mtamu vipi. Mkwaruzo akakaa juu ya spika akasimulia kisa cha Fundi. Hakuna aliyecheka. Hata Shangazi, mpiga ngoma mwenye mikono minene kama nguzo, alijifuta machozi kwa fulana. Wimbo ukarekodiwa, na meneja akaupeleka redioni mapema ili kuitangaza albamu.

Fundi hakuambiwa. Mkwaruzo alitaka kumshangaza. Mtu mwenye akili timamu angeomba ruhusa kwanza, lakini mtunzi akishapata ubeti mzuri, akili yake huomba likizo.

Fundi aliusikia akiwa kazini, kioo mezani, rula ndefu ya mbao mkononi. Jiko la kijani lilikuwemo. Mvua ilikuwemo, lori lilikuwemo, kovu lilikuwemo. Na yeye alikuwemo, amelala kwenye matope, analia, anangoja mkono wa kumwinua. Alihisi kama amevuliwa nguo sokoni.

Kabla hajashika simu, mlango ulipigwa teke. Mume wa zamani naye alikuwa amesikia. Madereva wenzake walimtambua ndani ya wimbo, wakamzomea. Alikuja na mtalimbo.

"Umenianika redioni, siyo?"

Akapiga kioo cha kwanza, cha pili, akaangusha rafu nzima. Mjomba alipojaribu kumzuia, alisukumwa akaangukia vipande. Kigae kimoja cha kioo kikamchana Fundi juu ya nyusi, damu ikamwingia jichoni. Hakukimbia. Alimpiga kwa rula kwenye mkono mpaka mtalimbo ukaanguka, akampiga tena mdomoni, rula ikavunjika.

Hapo Mkwaruzo akatokea, maua mkononi, amekuja kupongezwa. Akayatupa, akamrukia yule mtu, wakabingirika juu ya vioo. Alimpiga ngumi za uso. Alimgongesha kichwa sakafuni. Mtu alishalegea, naye bado anapiga.

"Mwache! Utamuua!" Fundi akamvuta kwa ukosi.

Mkwaruzo akageuka, anahema, ngumi zimechubuka. "Umeumia, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi! Huyu alimwaga damu yangu. Wewe umeikinga ukaiimba."

Polisi wakamchukua yule mwanamume. Mjomba akashonwa mgongo. Mkwaruzo alipiga simu wiki nzima, mpaka Fundi akaipokea.

"Nimekosa, Fundi."

"Najua."

"Nimesema wimbo utoke kwenye albamu. Meneja amekataa. Anasema redio zinaupiga kutwa, bila huo hakuna albamu."



"Mnafanya mazoezi lini?"

"Kesho mchana."

Simu ikakatwa.

Kesho yake Fundi aliingia kwenye chumba cha mazoezi na ovaroli yake ile ile, bandeji juu ya nyusi, kilemba kipya cha njano. Hakumsalimia mtu. Alienda moja kwa moja kukaa juu ya spika.

"Kisa ni changu," akasema, "na mimi sijakisimulia. Aliyekisimulia hakungoja mwisho."

Meneja akafungua mdomo. Shangazi akamnyooshea kijiti cha ngoma, mdomo ukafungwa.

"Nilipita na dirisha, kweli. Nikaanguka kwenye matope, kweli. Kulia, hapana. Niliinuka na kigae mkononi, nikarudi jikoni kwa mlango, kwa heshima zote. Kikaango kilikuwa motoni. Nikampiga mume nacho usoni pamoja na mayai yake. Akakimbia nje peku, amevaa taulo, anapita mbele ya majirani waliokuja kunisaidia, yai linaning'inia sikioni."

Shangazi akakohoa.

"Mayai yenyewe yalikuwa yameiva?"

"Upande mmoja."

Shangazi akaangua kicheko mpaka akaangukia ngoma zake. Mpiga besi akafuata. Fundi mwenyewe akacheka, akijishika bandeji kwa maumivu.

"Jamani, wimbo huu ndio albamu!" meneja akalia.

"Nimecheka," Shangazi akasema, akipangusa macho. "Umekufa huo. Kawaambie redioni."

Mkwaruzo peke yake hakucheka. Alikuja akapiga magoti mbele ya spika.

"Nilikuimba kama mtu aliyekuwa ananingoja mimi," akasema. "Na wewe ulishajiinua kabla hata sijakujua. Nisamehe. Kisa chako sitakigusa tena. Fundi, utakubali nikuoe?"

Fundi akamtazama, macho yamevimba, shati limefungwa vifungo kombo, kwenye kiganja kovu la siku ile ya sokoni. Kicheko kikamtoka tena, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Amecheka!" Shangazi akapiga kelele. "Na ombi hilo limekufa!"

Fundi akateremka kwenye spika, akamshika mkono ule wenye kovu.

"Sheria yenu ni ya nyimbo," akasema. "Mimi naolewa."