Kopo la Swichi Tatu

Msimu ule mpunga ulipoanza kuiva, Digna alikuwa anaamka mwili tu. Macho yalimfuata baadaye, njiani. Alipiga miayo kutoka mlangoni hadi shambani kwao, ng'ambo ya reli, umande ukimlowanisha mpaka magotini. Akifika, alipanda dungu, kile kichanja cha miti kilichosimama katikati ya shamba, akaanza kuamia ndege.

Kwenye nguzo ya dungu zilifungwa kamba zilizokwenda kila pembe ya shamba, na kila kamba ilikuwa na makopo matupu. Ndege wakitua pembe ya mtoni, unavuta kamba ya mtoni, makopo yanapiga kelele, ndege hao! Wakihamia pembe ya barabarani, unavuta ya barabarani. Kazi ilikuwa hiyo mpaka mama alipokuja kumpokea, naye akakimbilia shule. Jioni alirudi tena dunguni.

"Umechoka, mwanangu?" mama alimuuliza karibu kila siku.

"Sijachoka, mama."

Uongo huo ulikuwa umeshamkaa mdomoni kama salamu. Maana, jamani, Digna alikuwa na jambo lake, na hakutaka mtu aliguse!

Jambo lenyewe lilianzia kanisani. Kwaya yao ilikuwa na gitaa la umeme, na mpigaji wake alikuwa kaka Sylvester. Gitaa hilo lilikuwa na pedali tatu, yaani visanduku vya chuma vya kukanyaga kwa mguu. Cha kwanza kililitia gitaa mwangwi, cha pili kililifanya lingurume, na cha tatu kiliifanya sauti iyumbeyumbe kama maji ya mto. Vyote vitatu viliunganishwa kwa foleni: sauti ilitoka kwenye gitaa, ikapita cha kwanza, cha pili, cha tatu, ndipo ikafika kwenye spika. Tatizo lilikuwa betri. Betri ya kisanduku kimoja tu ikifa, gitaa lote kimya.

Na Jumapili moja ilikufa, tena katikati ya wimbo. Kwaya ikabaki inaimba kavukavu huku Sylvester amepiga magoti nyuma ya spika, anachomoa waya huu, anachomeka ule.

"Watu walidhani anasali," alisema Hilary, binamu yake Digna, walipotoka nje, na watoto wote wakaangua kicheko.

Digna naye alicheka, lakini kesho yake alfajiri, dunguni, bado alikuwa analiwaza tatizo lile la betri. Akavuta kamba ya mtoni. Kimya. Kumbe panya walikuwa wameikata. Akavuta ya barabarani. Makopo yakalia kama kawaida. Digna akabaki ameshika kamba, mdomo wazi. Mbona hii haikunyamaza na mwenzake? Akashuka, akaiunga ile iliyokatwa huku bado anawaza.

Siku hiyo, masomo yalipokwisha, alikwenda mbio kwa mjomba wake Ildefonce, fundi redio wa pale karibu na soko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Mjomba, pedali za kaka Sylvester zinataka dungu!"

Mjomba akaweka chini chuma chake cha kuchomea risasi, ile ya kuungia nyaya, akamtazama kama mtu anayepima homa kwa macho. Digna akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuchora sakafuni.

"Hapa ni kisanduku. Gitaa linaingia hapa. Kila pedali iwe na waya wake wa kwenda na waya wake wa kurudi, kama kamba zetu za shambani. Na kila moja iwe na swichi. Ukiwasha, sauti inapita kwenye pedali. Ukizima, sauti inairuka, inaendelea na safari yake."

Mjomba akaufuata mchoro kwa kidole. Mwishowe akacheka peke yake.

"Swichi za kubadilishia masafa kwenye redio mbovu zitafaa. Kisanduku kiwe cha chuma, la sivyo spika itavuma kama mzinga wa nyuki. Chukua lile kopo la biskuti pale juu." Kisha akaongeza, "Jumapili hii ya Pentekoste tuna wageni kutoka Kiberege. Jumamosi tutakijaribu. Ukielemewa, useme mapema, Hilary akusaidie."

Hilary alikuwa mtoto wa mjomba, na mkono wake kwenye risasi ulikuwa mwepesi. Akilini Digna akawaona watu wote kanisani wakisema, "Lile kopo la Hilary." Moyo ukakataa kabisa.

"Sitaelemewa, mjomba."

Basi wiki ikaanza. Alfajiri ndege, mchana shule, jioni ndege tena, na giza likiingia tu, yuko kwa mjomba anachoma risasi. Kichwa kilikuwa kizito kama gunia lililolowa. Darasani aliandika mstari mmoja mara mbili. Hilary alimwona akisinzia juu ya kopo, akasema, "We Digna, kesho nikaamie ndege mimi? Wewe lala."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hilo jicho lako moja lililofumba."

"Shughulika na yako!"

Ijumaa jioni alikaa dunguni, akaegemea nguzo, akasema moyoni atafumba macho kidogo tu. Alipoyafumbua, mama alikuwa amesimama chini, na pembe nzima ya mtoni ilikuwa nyeusi kwa ndege. Mama akapiga kelele, wakaruka wote kama wingu. Masuke waliyoyaacha yalikuwa yamesimama wima, mepesi, matupu.

"Kamba ilikatika, mama," Digna alisema haraka.

Mama alipanda dungu taratibu, akaishika kamba ya mtoni, akaivuta. Makopo yakalia shamba zima. Hakumpiga, hakumfokea. Alishuka, akaanza kuokota masuke yaliyobaki na kitu ndani. Heri angefoka! Ule ukimya ulimchosha Digna kuliko wiki nzima. Baada ya hapo alikwenda kwa mjomba, akaunganisha nyaya za mwisho huku macho yanamwasha, akalifunga kopo.

Jumamosi wanakwaya wakajazana kanisani kutazama. Sylvester akachomeka gitaa. Akawasha swichi ya kwanza: mwangwi safi. Ya pili: gitaa likanguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Akawasha ya tatu. Kimya.

"Digna," mjomba aliuliza, "uliipima kila njia peke yake?"

"Nilipi..." Akaukumbuka mkono wa mama ukivuta kamba. "Sijapima, mjomba. Nilikuwa nimechoka sana, nikalifunga hivyo hivyo."

Mjomba akatoa bisibisi mfukoni, akampa. "Haya. Lifungue."

Digna alifuata nyaya moja moja kwa kidole, kama anavyofuata kamba shambani. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, waya wa kwenda aliuweka mahali pa kurudi. Akamgeukia binamu yake.

"Hilary, nishikie hizi waya. Nikishika mwenyewe nitaharibu."

Hilary akapiga magoti, akazishika bila utani hata mmoja. Digna akachoma risasi. Sylvester akawasha ya tatu, na sauti ikayumbayumba kama mto.

Pentekoste kanisa lilifurika. Kwaya ikafika kwenye wimbo wa matoleo, na mara gitaa likakatika: betri ya pedali ya pili ilikuwa imekufa. Digna akashika kinywa. Sylvester hata hakupiga magoti. Aliinama kidogo, akazima swichi ya pili, na gitaa likarudi kabla mstari haujaisha. Wageni wa Kiberege waliendelea kupiga makofi. Hawakujua lolote!

Walipofika nyumbani, mama alimketisha kando yake mkekani.

"Lile kopo lako zuri," alisema. "Pedali ikiishiwa, inapumzishwa, wimbo unaendelea. Lakini wewe mwenyewe umejiweka kwenye ile foleni ya zamani. Ndege wewe, shule wewe, kopo wewe, na betri ikiisha unasema bado inawaka. Sasa sisi tutajuaje? Kuchoka siyo kosa, mwanangu. Kilichotupotezea mpunga ni kuficha. Mtu akisema ukweli mapema, mwenzake anashika kamba." Akamtazama usoni. "Haya, umechoka?"

Machozi yakamjaa Digna. "Nimechoka, mama. Nimechoka mno."

"Basi lala. Hilary yuko dunguni."

Digna akajilaza palepale. Kutoka ng'ambo ya reli aliyasikia makopo ya pembe ya mtoni yakilia, kisha ya barabarani. Ya pembe iliyofuata hakuyasikia.