Chupa Mbili za Moshi wa Kahawia

Mwalimu wa kemia alikutwa amekufa saa moja asubuhi, kaketi kwenye kiti chake ndani ya maabara ya shule, kichwa kimelalia daftari. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Midomo ilikuwa imegeuka zambarau, na povu jepesi lenye wekundu lilikuwa limekaukia kwenye ndevu zake nyeupe.

Inspekta aliinama akatazama bila kugusa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kukitazama kitu mpaka chenyewe kichoke kutazamwa.

"Hakuna jeraha, hakuna purukushani," alisema koplo wake. "Umri tu, afande. Na sigara zimemsaidia kuondoka. Ona vidole."

Ncha za vidole vya mkono wa kulia zilikuwa za manjano iliyokolea. Inspekta alizisogelea akanusa. Hazikuwa na harufu ya tumbaku.

"Piga picha vidole. Daftari ni kielelezo. Na mwili uende kwa daktari kwanza."

Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma ya shule, hatua mia moja tu. Juu ya kochi la sebuleni palikuwa na mto na shuka lililokunjwa vizuri. Mjane alikuwa amekaa kiti cha mbele yake, ameukodolea macho ule mto kama anayeulinda.

"Pole sana, mama."

"Nishapoa, mwanangu."

"Baba alikuwa anavuta sigara?"

"Yule? Akimwona mtu kashika sigara alikuwa anamhubiria mpaka inazima yenyewe."

Alitaka kucheka, kicheko kikakwama njiani.

"Alilala salama?"

Mjane alikunja upindo wa nguo yake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Alilala hapo. Alirudi juzi jioni... juzi nasema, ni jana. Alirudi anakohoa. Nikampigia simu yule binti wa maabara, mbona mzee wako anakohoa hivi? Akaniambia ni vumbi la chaki. Nikamwambia mume wangu, baba, unanipasua kichwa, leo lala sebuleni. Miaka thelathini na minane sijapata kumwambia neno hilo. Alfajiri nikasikia mlango. Nikasema haya, kawahi kazini." Akaugeukia tena mto. "Ningelala naye ningesikia pumzi zake zinavyokwenda. Nimemuua mimi, mwanangu."

"Tusiseme hivyo bado, mama."

"Basi utaniambia lini niseme."

Inspekta alitoka na maneno hayo yamemkaa kifuani. Kesi nyingine alizisukuma pembeni ya meza.

Alasiri daktari alimwita, akavua glovu zake taratibu.

"Huyu mzee amezama, Inspekta. Amezama nchi kavu. Mapafu yamejaa maji, na njia ya hewa imeungua kama iliyopitiwa na tindikali. Alivuta gesi. Moshi wa kahawia, ule wa naitrojeni."

"Lini?"

"Ndiyo ubaya wake huo. Unauvuta, unakohoa kidogo, unaendelea kutembea, kula, hata kutania watu. Inapita nusu siku, siku nzima, ndipo mapafu yanafurika. Na vidole navyo ni moshi huo huo. Ukiufuta kwa kitambaa kibichi, ngozi inageuka manjano."

"Angewahishwa hospitali?"

"Angewekewa oksijeni, akaangaliwa siku mbili. Mimi nadhani kesho kutwa angekuwa anafundisha."

Inspekta alirudi kituoni, akafungua daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitatu, mwandiko umetetemeka: *Somo la chupa mbili liahirishwe. Chupa moja nimeivunja mimi mwenyewe jana asubuhi. Mkuu wa shule asimlaumu mtu.*

Alisoma mara nne. Kesho yake asubuhi alikuwa maabara.

Mtunza maabara alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyefundishwa na marehemu toka msichana, na yeye mwalimu ndiye aliyemwombea kazi pale. Macho yake yalikuwa yamevimba. Kwenye rafu nyuma yake zilikuwapo chupa za duara, kubwa kama vichwa vya watoto, zimefungwa kwa koki za kioo. Ndani yake moshi wa kahawia ulikuwa umetulia.

Inspekta alizihesabu. Mbili.

"Dada, kemia iliniacha shuleni, sikupata kuikimbilia. Hizi za nini?"

"Za somo la msawazo, afande." Sauti yake ilipata uhai kidogo. "Mwalimu alizijaza siku moja, kwa kipimo kimoja. Ndani mna gesi mbili. Moja kahawia, moja haina rangi. Ya kahawia hushikana mbili mbili ikawa ile isiyo na rangi, na ile isiyo na rangi huachana ikarudi kahawia. Muda wote."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa. Ukiona rangi imetulia usidhani zimelala. Zinazokwenda ni sawa na zinazorudi, basi. Ukiweka kwenye maji ya moto, nyingi zinaachana, chupa inakolea. Kwenye barafu zinashikana, chupa inapauka. Ukizirudisha mezani, zinarudi sawa kama pacha. Kila joto lina namba yake thabiti ya msawazo huo. Mwalimu alikuwa anasema, namba hiyo haimwogopi hata mkuu wa shule."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa anatazama rafu.

"Mbona ile ya kushoto imepauka?"

"Iko karibu na dirisha. Inapigwa na upepo."

"Ahaa. Na pale ukutani palikuwa na nini?"

Juu ya sinki ukuta ulikuwa na kipande cheupe cha mraba, kisafi kuliko pengine, chenye matundu manne ya pini.

"Karatasi tu. Ilichakaa."

"Kuna kitu kilivunjika wiki hii?"

"Hapana, afande."

"Niletee ndoo ya maji."

Inspekta alizizamisha chupa zote mbili ndani ya ndoo moja, zikabanana bega kwa bega. Akavuta kigoda akaketi. Nusu saa ikapita. Koplo alikwenda mlangoni, akarudi, akapiga miayo, akakaa. Mtunza maabara alisimama, mikono nyuma, anayatazama maji.

Chupa zilipotolewa, moja ilikuwa ya kahawia iliyoiva. Nyingine ilikuwa kama chai iliyoongezwa maji.

"Maji ni yale yale," alisema Inspekta. "Joto ni lile lile. Na namba, umeniambia mwenyewe, haibadiliki. Basi kilichobadilika ni nini?"

Aliinyanyua ile iliyopauka.

"Humu mna gesi pungufu. Hizi si pacha. Hii imejazwa siku nyingine, na mkono mwingine wenye haraka. Nani hapa anajua kuijaza?"

"Mwalimu." Akaitazama ndoo. "Na mimi."

Inspekta alifungua daftari, akaliweka juu ya meza mbele yake.

"Angekuwa ameijaza yeye, asingeandika hivi asubuhi ya kufa kwake. Hakujua kama kuna chupa mpya rafuni. Soma."

Mwanamke alisoma. Midomo yake ilifuata maneno. Alipofika kwenye *asimlaumu mtu*, aliketi sakafuni pale pale.

"Kaniandikia," alisema. "Kaniandikia, na mimi nikaijaza."

"Anza mwanzo, dada."

"Iliniteleza mikononi, kule chumba cha stoo. Nilikuwa na barua mbili za onyo kwa vyombo nilivyovunja. Ya tatu ni kufukuzwa, na nyumba ninayokaa ni ya shule. Mama yangu hainuki kitandani. Moshi ukajaa, nikapiga kelele. Mwalimu akaingia, akanisukuma nje akafunga mlango. Akaokota vioo, akafuta, akafungua dirisha. Alipotoka alikuwa anatania. Akasema, umenipunguzia somo la kesho, mwanangu. Akasema yeye ndiye aliyevunja, tumemaliza."

"Ile karatasi ukutani iliandikwa nini?"

Alilia kwanza, ndipo akajibu.

"Mwandiko wake mwenyewe. *Aliyevuta moshi wa kahawia apelekwe hospitali, hata akisema ni mzima.* Niliisoma kila siku kwa miaka tisa, mpaka nilipoibandua mwenyewe. Saa kumi jioni alikuwa anakohoa. Nikamwambia, mwalimu, twende. Akasema tukienda watauliza ulitoka wapi moshi, kesho nitakuwa mzima. Nikanyamaza. Alipoondoka nikajaza nyingine, tindikali juu ya shaba, haraka haraka. Nilitaka asilazimike kusema uongo kwa ajili yangu."

"Halafu mke wa mwalimu akakupigia simu."

"Neno moja tu, afande. Ningesema moshi, angembeba hata mgongoni. Nikasema chaki."

Koplo aliitoa pingu. Inspekta alimtazama, koplo akairudisha mfukoni.

"Kabla ya kituoni tunapita mahali."

Mjane alikuwa pale pale alipoachwa. Mtunza maabara alipiga magoti mlangoni, akasema yote, kuanzia chupa hadi chaki, bila kujitetea. Inspekta alisimama nyuma yake.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akaligusa kochi.

"Kwa hiyo si kulala hapa," alisema.

"Hapana, mama," alijibu Inspekta. "Hata angelala wapi, bila hospitali asingepona. Na wewe hukuambiwa."

"Niliuliza." Akamgeukia yule aliyepiga magoti. "Mimi nilikuuliza, binti yangu. Umekula kwenye nyumba hii miaka yote, nikakuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Alisema nini alipokusukuma nje?"

"Alisema, toka mwanangu, mimi mapafu yangu yameshafundisha vya kutosha."

Mjane alifumba macho. Uso wake ulitaka kutabasamu, na machozi yakawahi.

"Ndiye huyo. Mpeleke, Inspekta. Na mama yake asikae na njaa, mtu anielekeze anapolala." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Sijasema nimesamehe."

Walipofika nje Inspekta aligeuka mara moja tu. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona mama yule ameinuka, ameuchukua mto kutoka kwenye kochi, anaukung'uta polepole. Kisha akaubeba kwa mikono miwili, akaurudisha chumbani, upande wa ukutani alikokuwa akilala mumewe.