Kijiko cha Chiriku

Jumamosi asubuhi, shangazi alifunika cherehani yake, akafunga duka. Alimshika mkono binti wa kaka yake, wakaenda shuleni. Mtoto huyo alikuwa amekuja kuishi naye hivi karibuni. Kwao walizungumza lugha nyingine, na Kiswahili alikuwa anakiokota tu. Lakini mdomo wake haukujua kupumzika, ndiyo maana watu walimwita Chiriku.

"Shangazi, kambi iko na kitanda mzuri?"

"Kitanda kizuri. Sema vizuri."

"Na chakula mingi?"

"Chakula kingi! Lo, mtoto wewe!"

Shuleni palikuwa na kambi ya lugha. Wanafunzi wangelala hapo hadi Jumapili, na wote wangezungumza Kiswahili tu. Mwalimu alikuwa amewaomba wazazi na walezi wasaidie. Shangazi alipewa kazi ya kugawa chakula.

Naye shangazi alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Dukani, mshono ukipinda hata kidogo, aliufumua wote akaanza upya. Basi na kwenye meza ya chakula akafanya vivyo hivyo.

"Naomba mkate kubwa," mvulana mmoja alisema.

Shangazi akaurudisha mkate kwenye sinia. "Mkate mkubwa. Rudia."

Mvulana akarudia kwa sauti ndogo. Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Aliyefuata hakusema kitu. Alinyoosha kidole tu. Na wa nyuma yake, kidole. Mstari mzima ukawa wa vidole.

"Watoto wa siku hizi wana adabu," shangazi alijisemea. "Kimya kabisa!"

Mchana walikula supu. Shangazi alitupa macho ukumbini, akamwona Chiriku ameinua bakuli kwa mikono miwili, anakunywa. Karoti zilikuwa zimemmwagikia kifuani. Vijiko vilikuwa tele nyuma ya shangazi.

"Mbona hukuja kuchukua kijiko?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa lugha ya kwao, polepole, "Nataka kurudi nyumbani. Nikifungua mdomo nakosea."

Shangazi alihisi kama sindano imemchoma. Tangu lini Chiriku akakosa neno?

Alimkuta mwalimu akiosha vikombe, mikono imejaa povu.

"Mwalimu, nadhani nimewafunga watoto midomo."

"Nimeona vile vidole," mwalimu alisema. Hakukasirika. "Mama, mteja akija kupima gauni ambalo hujalimaliza, unalifumua akiwa amelivaa?"

"Aka! Si atakimbia?"

"Ndivyo na mtoto. Mwache amalize anachosema. Mpe anachoomba. Halafu mjibu kwa maneno yaliyo sawa, kama mnapiga soga tu. Akisema 'mkate kubwa', wewe sema, 'Haya, mkate mkubwa huu hapa.' Amesikia, na hajaaibika."

"Je, akizoea kukosea?"

"Anayeongea tutamrekebisha kidogo kidogo. Aliyenyamaza tutamrekebisha nini? Yale makosa yanayorudiwa na wengi, niachie. Nitayafundisha darasani bila kumtaja mtu."

Jioni shangazi alisimama tena mezani. Chiriku alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alifika, akatazama vijiko, akatazama viatu vyake. Shangazi alimngoja. Ulimi ulimwasha, lakini aliubana.

"Naomba... kijiko yangu."

"Kijiko chako hiki hapa, mama. Na supu je?"

"Supu mingi!"

"Supu nyingi, haya. Shika vizuri, ina moto."

Chiriku alicheka. Wenzake waligeuka kuangalia kuna nini. Asubuhi ya Jumapili mezani palikuwa na kelele kama sokoni. Wengine waliomba chai, wengine chumvi, na mvulana wa mkate alitaka kujua kama shangazi anaweza kumshonea suruali ya kuchezea mpira. Vidole havikuonekana tena.

Njiani kurudi nyumbani, Chiriku aliongea bila kuvuta pumzi. Alisimulia habari za vitanda, michezo, na rafiki anayekoroma. Makosa yalikuwa tele. Shangazi alijibu moja moja, kwa utulivu.

Walipofika nyumbani, Chiriku aliingia wa kwanza, akachungulia kabatini.

"Shangazi, nina njaa. Kijiko changu kiko wapi?"

Shangazi alisimama na funguo mkononi. Hakusema "Umepatia!" Alitabasamu tu.

"Kijiko chako kiko kwenye droo," alisema. "Lete na changu."