Kachupa ka Maji Nyeusi

Mwiko wa ugali ulinivunjikia kwa mkono wa Veronicah.

Mkono wake pia ukavunjika. Niliusikia!

"Mama Stacy, nisikize kwanza..."

"Umempea mtoto wangu nini?!"

Nikamrukia tena. Nikashika nywele, nikagonga kichwa yake kwa mlango. Mara mbili. Damu ikamwagika kwa simiti. Nyinyi mnaosoma, sitawaficha: siku hiyo nilitaka kuua mtu.

Naitwa Peres. Bwanangu, Were, ni keyateka, mwangalizi wa ploti ya fleti hapa Kileleshwa, tunakaa chumba cha nyuma. Veronicah ni dada yake. Ndiye alikuwa anabaki na Stacy wangu, mwaka mmoja na nusu, nikienda job.

Mtoto alikuwa anaisha hivi naona. Hakuli. Anatapika. Analia akishika tumbo. Asubuhi hiyo mwili ukakakamaa, macho yakageuka, povu mdomoni... degedege! Na kando yake ni Veronicah, ameshika kijiko na kachupa ka soda kamejaa maji nyeusi.

Haki ya Mungu! Nikajua huyu tasa ananiulia mtoto kwa wivu.

Were akanyakua Stacy, akaruka boda, akakimbia hosi. Mimi nilibaki nikipiga. Hebu fikirieni, mtoto anakufa na mama amebaki kupigana!

Shiko, jirani yetu, akapiga nduru. Watu wakajaa.

"Mchawi! Mchawi!"

Mateke yakaanza. Mwingine akamtwanga mbavu na ubao. Nikasimama hapo, nikaangalia. Sikuwazuia. Polisi ndio walimwokoa, na wakambeba kama mshukiwa.

Nikachukua kachupa, nikaenda hosi wapime hiyo sumu, nimalize kesi.

Saa tisa daktari akatuita. Mwanamke mpole, anaitwa Ekta.

"Mtoto ametulia, lakini damu yake imejaa madini ya risasi."

"Si nilisema amewekewa sumu!"

"Pole pole, mama. Hii huingia kidogo kidogo kwa miezi. Iko kwa betri za gari, rangi za zamani, na solda, ile gundi ya vyuma ndani ya kompyuta. Nani kwa nyumba anafanya kazi na kompyuta?"

Were akanigeukia.

Ni mimi...

River Road, juu ya hardware, tunavunja kompyuta zilizokufa. Bodi tunaweka juu ya jiko, solda ikiyeyuka tunang'oa vyuma. Mdosi, Balbir, alitupatia aproni na glavu. Nikakataa kuvaa, eti joto! Mimi nilikuwa najifunga leso tu. Nafutia bodi, nafutia jasho. Jioni nikifika nambeba Stacy mgongoni na leso hiyo hiyo, na yeye ananyonya ncha mpaka anasinzia.

Kila jioni. Miezi nane tangu nianze hiyo kazi!

"Na hii ni nini?" Were akanipokonya kachupa, akaweka kwa meza.

Daktari akafungua, akanusa.

"Dawa ya kuongeza damu. Kliniki hazina chupa, lazima ubebe yako. Aliyempeleka amemsaidia sana."

Kumbe Veronicah alikuwa amempeleka kliniki mara mbili. Mimi mwenye kuzaa, hata mara moja sijawahi.

Nikakimbia mpaka stesheni ya polisi. Nikampata kwa benchi, jicho moja limefunga, mkono umevimba.

"Stacy ako hai?" Hilo ndilo swali lake la kwanza.

"Ako hai."

Akalia. Nikapiga magoti.

"Wifi, nisamehe!"

Akamgeukia askari. "Andika. Aliyenivunja mkono ni huyu."

Nilifungwa miezi sita. Sikukata rufaa, ningesema nini?

Wenzangu mnaovunja kompyuta, nguo ya kazi iachwe kazini. Oga kabla ya kushika mtoto. Na ukiwa na mkono mwepesi kama mimi, uliza kwanza. Hasira hasara, msione ni maneno ya wazee.

Nilipotoka jela, Jumapili nilienda kumwona Stacy. Sasa anakaa kwa Veronicah, Were alikubali. Amepona, ingawa maneno yanamtoka kwa shida.

Veronicah alinifungulia mlango kwa mkono wa kushoto. Ule mwingine haunyooki tena.

"Umeoga?"

"Nimeoga."

Nikanyoosha mikono. Stacy akakimbilia nyuma ya Veronicah, akashika sketi yake kwa nguvu.

"Mama... huyu nani?" akamwuliza Veronicah.

Veronicah aliniangalia, akaniachia nijibu mwenyewe.