Kwa Watumiaji Wote

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa nne, saa kumi na moja jioni, niliposhuka kwenye bodaboda pale Ikuti nikiwa na flashi mfukoni na mwavuli uliokwisha kuvunjwa na upepo. Kazi yenyewe haikuwa ya kuzidi saa moja. Kikundi cha wakulima wa chai kina chumba chenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ni ya kila mtu. Wakulima wanaandikia mihtasari ya vikao, kwaya inachapia nyimbo, wanafunzi wanafanyia mazoezi. Jumatatu wasichana kumi na wawili wa sekondari walikuwa waanze kujifunza kuandika programu. Mwalimu wao nilikuwa mimi, Winfrida. Happyness, binti wa kaka yangu Dickson, alikuwa mmoja wao.

Mama Tupokigwe, mtunza ufunguo, alinipokea mlangoni.

"Ugonile, mwanangu. Umelowa hivyo!"

"Ndaga, mama. Sikai sana."

Akanipa bahasha yenye neno la siri, kisha akaketi kwenye kigoda palepale mlangoni, ungo wa maharage mapajani. Chumba kile kina mlango mmoja tu. Dirisha lina nondo.

Kompyuta ilikuwa kuukuu. Nilianza kwa kuwafungulia wasichana akaunti, kila mmoja kwa jina lake. Happyness. Tulia. Ambindwile... mpaka wakatimia. Halafu nikachomeka flashi. Nilikuwa na matoleo mawili ya Python, lugha niliyokusudia kuwafundisha. Toleo jipya liligoma, mashine haikuliweza. Nikafungua la zamani.

"Kinaitwaje hicho?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Ndogo, karibu na sikio.

Niligeuka. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani. Sweta ya kijivu, kitenge, mabuti ya mvua. Nilidhani ni mtu wa kwaya.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Kinaitwaje?" akarudia.

"Python. Kwa Kiswahili ni chatu," nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. Na mimi nikajuta, maana huku kwetu jina hilo halitajwi ovyo. Bibi yangu alikuwa akinong'ona kwamba mchawi hubeba chatu tumboni, na kwamba chatu huyo hutoka kwenda kula matumbo ya watu wengine. Nilikua nikijua ni maneno ya kuwatisha watoto wasizurure.

Niliitazama tena skrini. Nyuma yangu palikuwa na harufu... kama ya chini ya jiwe kubwa lililoinuliwa sasa hivi.

"Unamweka kwa mmoja," akanong'ona, "au kwa wote?"

Mkono wangu ulisimama juu ya kipanya. Kwa sababu swali hilo ndilo lililokuwa kwenye skrini. Programu ilikuwa inauliza kama iwekwe kwa mtumiaji mmoja au kwa watumiaji wote.

"Kwa wote, mama. Kompyuta ni ya wote."

"Na njia umpe."

Kisanduku kilichofuata kilikuwa cha njia. Ukikitia alama, kompyuta inaijua programu popote utakapoiita, bila kuitafuta. Ni jambo la kawaida, kila fundi hulifanya. Nikatia alama. Nikabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kujaa, polepole.

Ndipo macho yangu yakaangukia mabuti yake, yakionekana kwenye kioo cha skrini. Nje mvua ilikuwa inamwagika tangu mchana. Njia nzima ilikuwa tope.

Mabuti yale yalikuwa makavu.

Niligeuka. Benchi lilikuwa tupu.

"Mama Tupokigwe, yule mama kaenda wapi?"

"Mama yupi?"

"Aliyeingia sasa hivi. Wa sweta ya kijivu."

"Hakuna mtu aliyeingia, mwanangu. Mimi si nimekaa hapa?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Simu yangu iliita. Alikuwa Gloria, mke wa kaka.

"Wifi, Happyness kashikwa na tumbo. Sasa hivi tu, alikuwa anakoroga uji. Anasema kuna kitu kinamzunguka ndani. Wifi, anazunguka nacho sakafuni!"

Kabla hajakata, simu ikatetemeka. Kundi la WhatsApp la wazazi. Mama Tulia: *Jamani binti yangu anaumwa tumbo ghafla, nani ana usafiri?* Baba Ambindwile: *Hata huku.* Mwingine. Mwingine tena.

Nilihesabu jumbe tisa. Zote za dakika ile ile.

Mama Tupokigwe alikuwa amesimama. Maharage yalikuwa yamemwagika yote na hakuyaangalia.

"Alikuuliza mmoja au wote?"

"Umejuaje?"

"Ukamjibu nini, Winfrida?"

"Wote."

Akafunga macho. Alipoanza kusema, alisema upesi, kwa sauti ya chini, akichanganya Kinyakyusa na Kiswahili. Miaka mitatu nyuma alikuwepo mwalimu Godwin, kijana wa kijiji cha Matwebe, aliyekuja kuwawekea watoto programu kwenye mashine hii hii. Mwanamke wa sweta ya kijivu alimjia. Godwin naye alijibu wote. Kabla giza halijaingia, watoto saba walikuwa wanagaagaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje ni kitu kile kile? Ulisema unaweka masomo."

"Godwin alifanya nini?"

"Kwanza alikifuta. Watoto wakazidi. Hakitoki kama hakina pa kwenda, mwanangu. Ndipo akakiweka tena... kwake peke yake. Watoto wakanyanyuka, wakaomba chakula."

"Na yeye?"

Alitazama nje, kwenye migomba iliyokuwa inamezwa na ukungu.

"Na yeye, mama?"

"Alikaa miezi minane, akafa. Mimi ndiye niliyemwosha. Mtu alikuwa amekonda kama ufito, lakini kumgeuza... tulihitajika watu sita."

Mimi si mtu wa imani hizo. Nimesoma. Nilirudi kwenye kompyuta nikijiambia kwamba naenda kumwonyesha Mama Tupokigwe kuwa hakuna kitu. Nilifungua mahali yanapokaa mafaili ya watumiaji. Wasichana wangu kumi na wawili walikuwepo. Wakulima, kwaya, shule, msimamizi. Na chini kabisa folda iliyofifia, ya mtu ambaye jina lake halitokei unapowasha mashine.

Godwin.

Ndani yake kulikuwa na programu ile ile. Imewekwa kwa mtumiaji mmoja tu.

Simu ikaita. Sikusikia maneno ya Gloria. Nilisikia mtoto nyuma yake. Nimemlea Happyness tangu anatambaa, najua kilio chake cha njaa na cha deko na cha kuchapwa. Ile haikuwa sauti ninayoijua.

Nikaondoa programu.

"Wifi, anatapika! Wifi!"

Nikafungua akaunti mpya. Nikaandika Winfrida. Vidole vilikuwa vinakosea herufi, nikafuta, nikaandika tena. Mama Tupokigwe alikuwa amepiga magoti kando ya benchi, anamwita Kyala, Mungu wetu, anaomba kwa lugha ya nyumbani bila kuvuta pumzi.

Swali likaja.

Kwa mmoja, au kwa wote?

Nikachagua mmoja. Nikatia alama kwenye njia. Nikabonyeza.

Mstari wa kijani ulijaa mara moja, haukuchukua hata sekunde. Harufu ile ikarudi. Kitu cha baridi kikanigusa chini ya mbavu, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

Kisha kimya. Hata mvua sikuisikia.

"Wifi?" Gloria alikuwa bado kwenye simu, anahema. "Wifi, ameamka. Anauliza uji wake uko wapi."

Hiyo ni miezi mitano sasa. Wasichana wanasoma vizuri. Wote wanaingia kwa akaunti yangu, maana programu iko humo tu, na neno la siri ninaliandika mwenyewe, mmoja mmoja, nikiwa nimesimama. Yule mwanamke sijamwona tena. Nilimbana Mama Tupokigwe aniambie ni nani, akasema alimfahamu akiwa hai. Mpaka leo hajaongeza neno.

Nilikwenda hospitali moja kupiga picha ya tumbo. Kijana wa kipimo alipitisha kile kifaa, akakirudisha, akakipitisha tena. Akamwita mwenzake. Wakatazama skrini pamoja, muda mrefu. Halafu wakaigeuza nisiione.

"Ni gesi tu, dada," akasema. Akaniwekea karatasi ya kujifutia kitandani, asiniguse.

Nakula. Nakula kuliko wanaume wawili, na magauni yananipwaya. Hayo ningeweza kuyavumilia.

Lakini wiki iliyopita nilikwenda kwa kaka Dickson jioni, kusalimia. Nakumbuka nikibisha hodi. Nakumbuka Gloria akisema niketi. Halafu nakumbuka kurunzi ikinimulika machoni. Nilikuwa zizini, nimepiga magoti kwenye samadi. Ng'ombe wake alikuwa amesimama tuli juu yangu, hatikisi hata mkia, macho yamemtoka.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, kaka."

Kidevu changu kilikuwa kimelowa. Nilijifuta kwa mkono, nikaona weupe. Maziwa ya moto. Yalikuwa na wekundu kidogo.

Kaka alinishika mkono, akanitoa nje kwa upole, kama mtu anayemtoa mgonjwa. Kisha akamwambia Happyness aingie ndani, alale kwa mama yake.

Juzi alinunua kufuli la zizi. Simlaumu. Nilikuwa njiani, upande wa pili wa migomba, alipokuwa analifunga. Nilisikia chuma kikigonga chuma.

Na ndani yangu kitu kikainua kichwa, kikageukia upande wa sauti ile.