Kitako cha Kiondo cha Pili

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye vilima vya Kilungu, Mutindi alishuka mtoni huku akisuka. Mtungi mtupu ulikuwa mgongoni, kiondo, kikapu chake cha katani, kifuani, na miguu iliijua njia yenyewe. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na nyanya yake, ambaye nyumbani walimwita Susu.

Lakini tangu maonyesho ya kilimo ya mwaka huo wa 1987, mikono yake ililala. Kiondo chake kilikuwa cha kwanza katika shule zote za wilaya. Alipewa utepe mwekundu, akapigiwa makofi, na makofi hayo hayakumtoka masikioni. Kila alipoutazama ukungu, aliona humo uwanja mzima wa watu, wote wakilitaja jina lake. Ilikuwa ndoto tamu, nami simlaumu. Nani asiyependa kusifiwa? Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku moja ikajulikana kwamba Mwalimu Nyawira, aliyemfundisha Mutindi na wenzake tangu darasa la nne, amepata uhamisho. Wanafunzi waliamua kumpa kiondo siku ya kuagana.

"Nitakisuka mimi," Mutindi alisema. "Wiki mbili zinanitosha."

"Nikusaidie kusokota nyuzi?" Kalunde, jirani yake wa dawati, alimwuliza. Yeye alikuwa wa tatu kwenye maonyesho.

"Wewe? Wa tatu atamsaidiaje wa kwanza?"

Darasa likacheka. Kalunde akainamisha kichwa.

Siku zikapita, Mutindi yumo ndotoni. Alipozinduka, zilikuwa zimebaki siku chache. Alisokota nyuzi mbio mbio, akasuka kitako kilegevu, maana kitako nani hukitazama? Akakimbilia juu, kwenye mistari ya zambarau. Jumatatu jioni kiondo kilining'inia mlangoni, kizuri ajabu.

Susu alikishusha. Alileta wimbi kwenye ungo, akalimimina ndani, akakiinua kiondo. Ndivyo alivyopima kila kiondo cha nyumba ile. Punje zikaanza kuchuruzika, chache, kisha nyingi. Kuku wakaja mbio.

"Lakini Susu, si ni kizuri?"

"Aiya! Kizuri kwa nani? Kwa kuku?"

Mutindi alilia. Alifikiria kushonea kitambaa chini ili kuficha aibu. Kisha mawazoni akamwona Mwalimu Nyawira akiwa safarini, mahindi yakimmwagikia njiani mbele za watu, naye akitaja jina la msukaji. Jina lile lile! Akakifumua kiondo chote, akaenda kwa kina Kalunde.

"Kalunde, nilikukosea mbele ya darasa. Nisamehe. Nisaidie kusokota, peke yangu siwezi."

Kalunde aliinua kichwa. "Hata mimi wa tatu?"

"Tafadhali."

Kalunde akavuta kigoda, akajipaka majivu kwenye paja ili uzi usiteleze akiusokotea hapo. "Haya, leta katani."

Walisuka kila jioni, na hata njiani wakienda shule. Kiondo hiki kipya kilikuwa kidogo, hakina mstari hata mmoja. Ijumaa asubuhi, siku ya kuagana, Mutindi alikaza fundo la mwisho akiwa langoni mwa shule. Susu alikuja na wimbi lake, akalimimina humo mbele ya darasa. Haikuanguka hata punje moja.

"Tumekisuka mimi na Kalunde," Mutindi alisema. Mwalimu Nyawira aliwakumbatia wote wawili.

Jioni, Mutindi aliutoa ule utepe mwekundu. "Susu, huu niufunge kwenye kiondo kitakachofuata?"

"Utepe huo ni wa kiondo kile cha maonyesho," Susu alijibu kwa upole. "Kitakachofuata hakikujui. Ota ndoto zako, mjukuu wangu, ila ujue kila kiondo huanzia kitako, hata kama mkono unaokisuka ulishapigiwa makofi. Na mkono huo bado unahitaji mkono wa mwenzake."

Mutindi akaurudisha utepe sandukuni. Kisha akachota majivu, akajipaka kwenye paja, akaanza uzi mpya.